Miaka ya Boay Kichwani mwa Mama

Nilipokuwa darasa la pili niliamini kwamba miaka ya mtu inaweza kuvutwa kwa mkono, na kwamba aliyeivuta huonekana kichwani. Sikuzaliwa nikiamini hivyo. Nilimsikia bibi yangu mzaa baba akilisema jambo hilo siku moja, nikalibeba zima zima, kama watoto wanavyobeba maneno ya wakubwa. Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na wagonjwa wengi wameniuliza kuhusu mvi. Huwa nawaeleza vizuri tu, ila kila mara nikimaliza kueleza natamani kwenda kukaa peke yangu kidogo.

Kwetu ni Karatu, upande wa juu, mashamba yanapokaribia kukutana na msitu wa Ngorongoro. Ilikuwa miaka ya sabini, muda si mrefu baada ya watu kutolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika na kupangwa kwenye nyumba za mstari. Nyumba ya Bibi ilifuatana na yetu, katikati kukiwa na ua wa minyaa ambao mbuzi walikuwa wameutoboa siku nyingi. Ukipiga chafya kwetu, kwa Bibi wanakuombea afya. Kwa hiyo hakuna jambo lililotokea nyumba moja lisijulikane nyumba ya pili.

Mama yangu tulimwita Ayo, maana ndivyo Wairaqw tunavyomwita mama. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye kucheka kwa sauti hata mahali ambapo wenzake walijizuia, na hakuwa amefika miaka thelathini na mitano. Alikuwa na watoto wawili tu: mimi, Martina, na mdogo wangu Boay, ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno. Boay alikuwa mnene na mkaidi. Akikasirika alikuwa anakwenda kusimama mbele ya ng'ombe na kuwashtakia, nasi tulikuwa tunacheka mpaka machozi yanatutoka.

Mwaka ule surua ilipita kijijini. Boay alipozidiwa, Ayo alimfunga mgongoni kabla ya jua kuchomoza akaenda naye zahanati kwa miguu. Kule walimpa dawa, wakamwambia amrudishe nyumbani na amnyweshe maji kwa wingi. Alirudi mchana. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe mlangoni, nikamwona anakuja kwa mwendo wake wa kawaida, tena amepokea mzigo wa kuni wa mwanamke mzee aliyekutana naye njiani, ameuweka kichwani. Alimfikisha yule mzee kwake, akaingia kwetu, akafungua kitenge, akamlaza Boay kitandani na kumfunika. Ndipo alipomwambia Baba kwamba mtoto alifia njiani. Hakupiga kelele. Baba ndiye aliyepiga kelele.

Siku ya tatu baada ya maziko, Bibi alimnyoa Ayo pale uani kama desturi inavyotaka. Nilisimama karibu nao kiasi cha kuweza kuzigusa zile nywele zilivyokuwa zikianguka. Zilikuwa nyeusi tii. Huo ni ushahidi wangu, na nitarudi kuueleza, kwa sababu kwa miaka mingi niliuona kuwa hauna pingamizi.

Siku hizo nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa. Sisi tunaita metimani: waliofiwa hawaingii kwa watu, hawaombi moto wala chumvi, hawachoti maji pamoja na wengine, mpaka muda utimie na watakaswe. Tulikuwa Wakristo, na katekista alikwisha kulikemea jambo hilo kanisani. Watu waliitikia amina, wakarudi nyumbani, wakaendelea kama zamani. Ili nisikose shule, Bibi alinichukua nikakae kwake. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa mama yangu alikuwa hatua thelathini kutoka nilipolala, nami sikuruhusiwa kumkaribia. Nilikuwa namwona kupitia tundu la mbuzi kwenye minyaa. Amefunga kitambaa kichwani, amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, hafanyi lolote. Mara nyingine alinipungia mkono. Mwanzoni nami nilimpungia.

Muda ulipotimia, Ayo na Baba walitakaswa, na mimi nikarudishwa nyumbani. Nilikimbia. Nakumbuka nilikimbia kwa furaha mpaka nikajikwaa. Ayo alikuwa anaosha kichwa nyuma ya nyumba, kitambaa kimetundikwa kwenye mti, na aliposikia hatua zangu akainuka na kugeuka. Nywele zilikuwa zimeota kiasi cha kucha ya kidole, na zilikuwa nyeupe. Si moja moja, zile za kutafutana. Kichwa kilikuwa cheupe kama kimepakwa unga, isipokuwa sehemu ndogo kisogoni. Alinyoosha mikono yote miwili kunipokea. Nilikwenda, nikakumbatiwa, lakini macho yangu yalibaki kule juu.

Siku chache baadaye Bibi na jirani yetu, Mama Paskali, walikuwa wamekaa uani kwa Bibi wanachambua dengu. Mimi nilikuwa nyuma yao nacheza na makapi. Nadhani walinisahau.

"Mimi nimezika mume, nimezika watoto watatu," Bibi alisema. "Kichwa changu hiki hapa, kitazame. Yeye mmoja tu, na kichwa chote kimekwisha!"

Ni kweli, Bibi alikuwa mkongwe na nywele zake zilikuwa bado nyeusi.

"Labda ni uchungu, mama," Mama Paskali akasema.

"Uchungu hata mimi ninao. Mtoto akifa mdogo, miaka aliyokuwa aishi inakwenda wapi? Inampanda mtu. Hii imempanda yeye kichwani."

"Inapandaje?"

"Kwa mikono. Akimshika mtoto kichwani, anamvuta."

Mama Paskali alisema Mungu apishe mbali, wakaendelea na dengu zao, wakaingia habari za mnada. Yalikuwa maneno ya dakika mbili. Leo namwelewa Bibi kuliko nilivyomwelewa wakati huo. Boay alikuwa wake pia, na alikuwa akimlisha kwa mkono wake. Alihitaji mtu wa kumlaumu, na surua haina uso. Lakini alilisema, na mimi nilikuwa na miaka tisa, na kila siku ya Jumamosi mama yangu alikuwa ananishika kichwa.

Tulikuwa tunanyolewa, wasichana kwa wavulana, kwa ajili ya ukaguzi wa Jumatatu shuleni. Jumamosi asubuhi Ayo alikuwa anachemsha maji, anatoa wembe kwenye karatasi yake, ananikalisha katikati ya magoti yake, ananinyoa huku akiniuliza habari za shule. Niliipenda saa ile kuliko saa zote za wiki. Jumamosi ya kwanza baada ya kuyasikia yale maneno, aliponiita niliponyoka kwenye tundu la minyaa nikaenda kunyolewa na Bibi. Nilirudi kichwa kinang'aa. Ayo alikuwa bado amekaa na bakuli la maji, nayo yamepoa.

"Umeshanyolewa?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akayamwaga maji kwenye bustani ya mboga.

Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Nikaanza kula na Baba kwenye sahani yake. Ayo akitaka kunifuta kamasi nilijifuta mwenyewe haraka haraka. Akipita nyuma yangu niliinua mabega. Kitandani nililala nimefunika kichwa na blanketi, hata joto likinichoma. Mtoto anaweza kuwa mkatili kwa utaratibu mzuri kabisa, na mimi nilikuwa na utaratibu. Nilikuwa nimemkosa yule mwanamke miezi yote ile, nimemlilia kwa siri kwa Bibi, na sasa nilikuwa naye ndani ya nyumba nikimkimbia kama mgonjwa wa ukoma. Nilimpenda. Nataka hilo lieleweke, ingawa sijui linapunguza nini.

Yeye hakuuliza sababu. Nadhani alifikiri ni sura yake tu inayonitisha, kwamba mtoto aliondoka akiwa na mama kijana na kurudi amkute kikongwe. Ndiyo maana akafanya alichofanya.

Jumamosi ile niliamka nikamkuta uani hana kitambaa, na nywele zake ni nyeusi. Nyeusi kabisa, zinameremeta. Maji yalikuwa yanachemka. Alikuwa ameketi tayari, mgongo umenyooka, anatabasamu kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Ayo, zimerudi?"

"Zimerudi. Njoo uone."

Nilimwamini papo hapo. Furaha niliyoipata siwezi kuipima hata leo. Kwangu maana yake ilikuwa moja tu: ameirudisha miaka ya mtu, hana tena shida na yangu. Nilikaa katikati ya magoti yake. Akanilowanisha kichwa taratibu, akaniuliza habari za shule, nami nikamwaga yote ya wiki nyingi, nani kapigwa, nani kahama, mwalimu gani kaanguka na baiskeli. Alicheka kwa sauti ile yake. Nilinusa samli na moshi, nikadhani ametoka kupika. Jua lilikuwa limepanda, jua kali la asubuhi baada ya ukungu kuondoka, na yeye alikuwa ameniinamia anafanya kazi.

Tone jeusi likaniangukia gotini.

Nililigusa, likapakaa kidoleni. La pili likaniangukia mkononi. Niliinua uso. Samli ilikuwa inayeyuka juani, na masizi ya sufuria aliyoyachanganya nayo yalikuwa yanamtiririka kutoka kwenye paji la uso, yanapita pembeni mwa macho mpaka kidevuni. Chini ya weusi ule mvi zilikuwa zimeanza kuonekana. Hakuwa na habari. Alikuwa bado anatabasamu.

Nilipiga yowe. Nilichomoka nikakimbia hadi kwa Bibi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele. Bibi alikuwa nje na Mama Paskali pamoja na wanawake wengine wawili waliokuja kuchukua mbegu. Nikamshika kanga nikasema kwa sauti ambayo mstari mzima wa nyumba uliisikia:

"Amenidanganya! Ananivuta miaka yangu! Kama alivyomvuta Boay!"

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja, lakini nilikuwa nimeshamaliza. Wale wanawake walitazama chini. Ayo alikuja mpaka kwenye minyaa akasimama upande wake, uso una michirizi myeusi, wembe mkononi. Alitutazama mmoja mmoja. Alinitazama mimi mwisho.

"Nani kamwambia?" aliuliza.

Bibi alinibana kiganja mdomoni kwa nguvu zaidi. Ayo alingoja kidogo. Kisha akapenyeza mkono kwenye lile tundu, akampa Bibi wembe.

"Mmalizie, mama," alisema. "Asiende shule hivyo."

Akarudi ndani. Bibi alinimalizia pale pale, akilia, na alinikata mara mbili.

Jioni ile Bibi alivuka ua, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akapasha maji, akamwosha mkwewe kichwa mpaka masizi yote yakatoka. Sijui waliongea nini. Baada ya hapo aliniita, akaniambia yale maneno alisema kwa uchungu tu, hayana ukweli, niyaache. Niliitikia. Lakini hofu ya mtoto haiondoki kwa kuamriwa, na mimi niliendelea kuinua mabega kwa muda mrefu, mpaka siku moja nikagundua kwamba hakuna tena sababu ya kuinua, kwa kuwa Ayo alikuwa ameacha kunigusa. Hakunichukia. Alinipikia, alinishonea sare, alipeleka maziwa kwa mwalimu ili nisaidiwe hesabu. Alifanya yote hayo kwa umbali wa mkono mmoja. Kitambaa hakikutoka kichwani mwake tena.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, alinisindikiza hadi stendi Karatu na sanduku langu la bati kichwani. Pale tulimkuta msichana wa Kimaasai kutoka Malambo anayekwenda shule ile ile, na mama yake. Gari lilipokuja, yule msichana aliinamisha kichwa kama wanavyofanya wao kwa wakubwa, na mama yake akamwekea kiganja utosini, akanena maneno ya kumbariki. Ilichukua muda mfupi tu. Nilimtazama Ayo. Wakati huo sikuwa naogopa tena, au nilikuwa naogopa kidogo sana, na kama angeinua mkono ningeinama. Aliweka sanduku chini karibu na miguu yangu akarudi nyuma hatua moja.

"Usome," alisema.

Chuoni, katika miaka ya themanini, siku moja mwalimu alitufundisha habari za ngozi na nywele. Niliuliza maswali mengi mpaka wenzangu wakaguna. Mwalimu alieleza kwamba unywele ukishatoka nje ya ngozi umekwisha kufa, hauwezi kubadilika rangi kwa usiku mmoja wala kwa mwaka. Rangi hutiwa shinani wakati unywele unaota. Chembe zinazotia rangi zikichoka, unaoota baada ya hapo huwa mweupe. Lini zitachoka, hiyo kwa sehemu kubwa mtu hurithi kwa wazazi. Nilimuuliza kama huzuni inaweza kuzichosha. Alisema msongo mkali, njaa na maradhi yanaweza kuharakisha mambo, lakini kwa kiasi gani, wataalamu wenyewe bado wanabishana.

Niliandika yote. Kwa hiyo nyeusi tulizozinyoa zilikuwa za zamani, na nyeupe zilizoota zilikuwa za wakati wake wa msiba, na kwa kuwa alinyolewa na kutengwa hakuna aliyeona moja ikitangulia nyingine. Tuliona mwanzo na mwisho tu. Tena nikakumbuka kwamba bibi mzaa mama, kule Mbulu, niliyemwona mara mbili maishani, alikuwa na kichwa cheupe huku anabeba debe la maji kama msichana. Hakuna aliyewahi kuuliza upande wa mama yake. Mimi mwenyewe mvi zilinitoka kabla ya miaka arobaini, na mwaka huo sikuwa na msiba wowote.

Likizo ile nilikwenda nyumbani mbio kama yule mtoto aliyejikwaa. Bibi alikwisha kufariki. Ayo alikuwa anaumwa tumbo, ugonjwa ambao baadaye ulimchukua, na nilimkuta amekaa nje juani na shuka begani. Nilikaa chini karibu na kigoda chake nikamweleza kila kitu, shina, rangi, chembe, bibi wa Mbulu. Nilieleza vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Umesoma vizuri," alisema.

"Basi nisuke, Ayo. Nywele zangu zimefumuka."

Niligeuka nikampa mgongo, nikainamisha kichwa kwenye magoti yake. Nilingoja. Niliposhindwa kuvumilia nikageuka, nikaona ameingiza mikono yote miwili ndani ya shuka na kuibana makwapani.

"Mwite Mama Paskali akusuke."

"Ayo, nimekwambia si kweli. Yale yalikuwa maneno tu."

"Nimesikia."

"Basi mbona?"

Alitazama upande wa msitu.

"Siku ile natoka zahanati," alisema, "tulipofika korongoni nilimtoa mgongoni, nikamkalisha mapajani. Nikamshika kichwa hivi, nikamwambia vumilia, tunakaribia nyumbani. Ndipo akakata roho. Mkono wangu uko pale pale kichwani." Akavuta shuka. "Sikuwa nalifikiria hilo. Niliwaza ni surua. Mpaka wewe uliposema."

Nililia, nikamwomba msamaha, nikamwapia kwa Mungu. Yeye alinibembeleza kwa maneno matamu yote aliyokuwa nayo, aliniita mwanangu, aliniita mama yake, akaniambia nilikuwa mdogo na hakuna kosa. Mikono haikutoka ndani ya shuka.

"Umebaki wewe tu," alisema. "Siwezi kujaribu kwako."

Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa pili, mimi nikiwa zamu mbali. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na hesabu yangu ni hii. Bibi alilisema kwa uchungu, na siku nilipolipayuka akajuta jua halijazama. Majirani walilisahau. Mimi nimelikana mbele ya watu wengi, kwa ushahidi wote ninaoujua. Aliyeliamini mpaka kaburini ni mmoja tu, naye hakuliamini kwa sababu Bibi alisema. Aliliamini kwa sababu lilitoka kinywani mwangu.